Mchemraba wa Uzi Mwekundu

Katika idara yetu ya fizikia, wanafunzi wawili wakilingana alama na nafasi ikawa moja, walimu hawapigi kura. Huuliza mwanga.

Desturi hiyo aliianzisha marehemu Profesa Ackon, mtu ambaye hata kuku wa Krismasi alishindwa kumchagua bandani, akamwachia mkewe. Alisema kura za watu zina wajomba na mashangazi, lakini punje ya mwanga haina ukoo. Basi tangu enzi zake, wawili wakilingana, watu hukusanyika maabarani saa nne asubuhi, taa huwashwa mara moja tu, na mambo huishia hapo. Hakuna rufaa.

Mimi nilikuwepo desturi ilipoanza. Hadi mwaka wa mambo haya nilikuwa nimefanya kazi ya usafi na kutunza vioo pale miaka thelathini na mmoja. Jina langu ni Araba Bentsiwa, lakini chuo kizima huniita Nana, yaani bibi, hata wale wenye mvi nyingi kuliko mimi. Shule niliiacha mapema. Ninayoyajua kuhusu mwanga nayajua kwa sababu Profesa Ackon alikuwa akifundisha huku mimi nikifuta meza, na hakuna siku aliyoniambia nitoke nje. Mara nyingine alinigeukia mimi kwanza kabla ya wanafunzi, akaniuliza, "Nana, umenielewa?" Nikisema hapana, alirudia kwa kila mtu.

Meza yenyewe si kitu cha kutisha. Upande mmoja kuna taa ndogo, na mbele yake vioo vyeusi vilivyopangwa mpaka mwanga unaopenya unakuwa hafifu kupita kiasi, unatoka punje moja moja, kama mafuta yanayodondoka kwenye chupa inayokaribia kwisha. Kisha kuna pete ya chuma iliyoshika kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, nayo imefunikwa kofia nyeusi ili mwanga wa dirishani usiingie. Kisha mchemraba wa kioo, mdogo kama kipande cha sukari. Punje ikifika pale, ama inapita moja kwa moja, ama inakata kona kwenda kushoto. Mbele na kando zimekaa mashine mbili za kuipokea, na sisi huziita masikio. Sikio lililoipokea punje hulia tii. Hayalii yote mawili kwa punje moja, maana punje haigawanyiki.

Ukimwuliza Profesa Ackon punje hii itakwenda wapi, alikujibu kwamba hakuna anayejua. Hata yenyewe haijui, mpaka sikio limelia. "Usidhani jibu limefichwa mahali, Nana," aliwahi kuniambia. "Jibu bado halijazaliwa." Kwa ajili hiyo aliona ni haki. Mwanafunzi ambaye jina lake linatangulia kwenye orodha hupewa kupita, anayefuata hupewa kugeuka. Sikio la kwanza kulia ndilo hukumu.

Kuna jambo moja zaidi lazima niliseme sasa, kwa sababu ndilo lililoniponza. Mchemraba haukuwa mmoja. Ilikuwa miwili, inafanana kama mapacha, nami niliitofautisha kwa vitambaa nilivyoifungia: kimoja kilishonwa uzi mweupe, kingine uzi mwekundu. Wa uzi mweupe ni wa haki. Nusu ya punje hupita, nusu hugeuka, ufanye utakavyo. Wa uzi mwekundu huchambua mwanga kwa jinsi unavyotikisika. Kwenye ile pete ya chuma kuna doa jeupe la rangi. Doa likiwa juu, mchemraba mwekundu huzipitisha punje zote. Ukiizungusha pete robo, doa likawa kando, huzigeuza zote. Profesa Ackon alinionyesha hayo mara moja, akacheka kama mtoto, akairudisha pete mahali pake. Tangu afe, sikuona mtu akiigusa. Doa lilikaa juu miaka yote.

Maku Teye alitujia kutoka Odumase, kwa Wakrobo. Mama yake alikuwa akitwanga chupa zilizovunjika, akaujaza unga wake kwenye kalibu za udongo, akachomeka kikonyo cha jani la muhogo katikati ili kiungue kiache tundu, kisha akachoma mpaka unga ukawa shanga. Alimsomesha Maku kwa shanga hizo. Siku ya kwanza msichana aliniona nikiinua ndoo ya maji, akaipokea bila kusema neno, akaibeba hadi mwisho wa ukumbi. Halafu akaniuliza vioo ninavifutia nini. Watu husoma pale miaka sita bila kuniuliza hilo.

Mkuu wa idara wakati huo alikuwa Profesa Asamani. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti nzuri, na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Siku moja tulipokea wageni kutoka Accra na kwingineko, naye akasimama mbele yao kueleza kwa nini mwanga hupunguza mwendo ndani ya kioo. Akasema punje ikiingia humezwa na atomu, hukaa humo kidogo, hutemwa, humezwa na atomu ya pili, kama abiria anayeshuka kila kituo kununua maji. Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Akauliza kama kuna swali, na Maku akainua mkono.

"Samahani, Profesa," akasema. "Atomu ikishaimeza punje haikumbuki ilitokea upande gani. Ingeitema popote. Kioo kingekuwa cheupe kama uji, tusingeona kitu ng'ambo yake."

"Endelea," Profesa akamwambia, anatabasamu.

Naye kwa utoto wake akaendelea. Alisema hakuna atomu inayomeza punje ndani ya kioo safi. Atomu zote hutikisika kidogo, kwa pamoja, na mtikisiko wao hujiunga na mwanga, na kile kinachosafiri ni vyote viwili vikiwa kitu kimoja, chenye mwendo wa polepole. Ukiuliza punje imegusa atomu ipi, unauliza jambo lisilo na jibu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo yangu, nikaelewa mara moja, kwa sababu nilifikiria akina mama wa Kimethodisti kanisani kwetu: mmoja anaanzisha wimbo, wote wanaitikia, na ukiwa nje dirishani unasikia wimbo tu, huwezi kusema sauti hii ya nani.

Mgeni mmoja, mzee wa kutoka Accra, akapiga makofi taratibu. "Binti anasema kweli, Asamani," akasema.

Profesa alicheka kuliko wote. Alimshukuru Maku mbele ya watu, akamshika bega. Naamini maneno ya Maku angeweza kuyasamehe. Makofi yale hakuyasamehe.

Tangu siku hiyo akamwita Binti wa Chupa. Alianza kama mzaha, kisha likawa jina. Maku akileta sura ya utafiti wake, iliyomchukua miezi, alirudishiwa baada ya wiki sita ikiwa imeandikwa neno moja juu ya ukurasa wa kwanza: Hapana. Akiomba kuelezwa, aliambiwa kwamba anayejua kusahihisha wakubwa hakosi kujisahihisha. Kila wageni walipokuja, aliitwa mbele. "Huyu ndiye anayetufundisha sisi," Profesa alisema. "Binti wa Chupa, waeleze wageni kuhusu atomu zako zinazotikisika pamoja." Akianza kueleza, Profesa alimgeukia mgeni na kuuliza habari za safari. Wanafunzi wenzake walicheka mwanzoni, halafu wakaacha kucheka, halafu wakaacha kukaa karibu naye wakati wa chakula. Alikula kenkey yake, ule ugali wa mahindi yaliyochachuka, na samaki katika chumba changu cha mafagio, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka miwili. Alikonda hata saa yake ikawa inamtoka mkononi.

Niseme na wema niliouona, maana ulikuwepo. Fiifi Amissah, kijana aliyesoma naye mwaka mmoja, hakumwita jina lile hata mara moja. Alimwekea kiti kwenye mihadhara, akiweka begi lake juu yake ili mtu asikichukue. Na fundi wa maabara, Senyo Dzokoto, mtu wa kabila la Waewe kutoka Keta, ninayemwita Efo kwa heshima, yaani kaka kwa lugha yao, alikuwa na namna yake. Mdomo wake ulikuwa mchungu. Alimfokea Maku kuliko alivyomfokea mtu yeyote. "Toa mikono yako ya kutwangia chupa kwenye mashine zangu," alimwambia, Profesa akisikia na kufurahi. Lakini mashine zile huhitaji kupashwa moto saa nzima kabla ya kutumika, na zamu ya Maku ilipangwa alfajiri, saa ambayo hakuna mtu. Kila nilipofungua mlango nilizikuta tayari zina joto. Niliona hayo. Nikafikiri ni uangalifu wa fundi kwa mashine zake.

Ilipofika mwaka wa mwisho ikatangazwa nafasi moja ya kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamivu. Barua ilisema wazi kwamba ufadhili huo unafungwa mwaka ule, hautarudi. Na bila saini ya mkuu wa idara Maku asingeipata nafasi nyingine popote, na kila mtu alijua saini ile hataiona. Kwa hiyo alisoma kama anayekimbia moto. Alama za karatasi zilipotoka, alikuwa mbele ya Fiifi kwa nne.

Ukabaki mtihani wa mdomo, na mwenyekiti wa mtihani ni Profesa Asamani. Mimi nilikuwa napeleka maji ya kunywa. Alimsimamisha Maku mbele ya ubao dakika arobaini bila kumwuliza swali. Alisoma gazeti. Walimu wengine wawili waliangalia viatu vyao. Mwisho akakunja gazeti, akasema, "Mtahiniwa ameshindwa kujieleza," akaandika alama. Zilishuka nne kamili. Si tatu, si tano.

"Wamelingana," akatangaza ukumbini, mikono imefumbatana kama mchungaji. "Tufanyeje? Sisi ni watu wa desturi. Tuulize mwanga."

Fiifi alimfuata Maku kwenye chumba cha mafagio, akamwambia atajitoa, kwamba hawezi kwenda kwa njia ile. Maku alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Alikiinua.

"Ukijitoa, watasema nimehurumiwa," akasema. "Acha, Fiifi. Kila kitu humu amekigusa. Karatasi zangu, jina langu, chakula changu. Mwanga hawezi kuugusa. Nipe hiyo nusu moja ya haki, nitaishi nayo hata nikishindwa."

Fiifi akatoka akilia. Nami nikaenda kukung'uta vitambaa nje. Nilikuwa najua vitambaa vyangu viwili vimefunga nini.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, nikiwa nafunga madirisha, nilimwona Profesa Asamani akitoka maabarani peke yake, ufunguo mkononi. Akaniambia, "Lala salama, Nana." Hajawahi kuniambia hivyo kabla wala baada. Nililala na maneno yale kichwani.

Saa moja asubuhi nilifungua maabara, nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku langu. Kitambaa cha uzi mweupe kilikuwa kimefungwa vizuri, na mchemraba umo ndani. Kitambaa cha uzi mwekundu kilikuwa kitupu. Nikageuka kutazama meza. Mchemraba umekaa mahali pake, umetulia, unang'aa kwa jua la dirishani kama kitu kisicho na hatia.

Nikafikiri hivi. Mchemraba mwekundu, doa juu, punje zote zitapita. Kupita ni kwa Amissah, maana jina lake linatangulia. Teye amepewa kugeuka. Basi mtoto huyu ameshachinjwa, wanangoja tu watu wakae kwenye viti ili waone damu.

Ningemwambia nani? Mwanamke wa mafagio, dhidi ya profesa, kuhusu vipande viwili vya kioo vinavyofanana. Wangeniuliza nielezee mwanga hutikisika vipi, kwa Kiingereza, mbele ya wageni. Ningebaki na aibu, naye Maku angebaki na mchemraba ule ule. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nilinawa mikono, nikautoa mwekundu, nikauweka mweupe mahali pake hasa, kwenye alama zake. Nikaufuta mara mbili kwa pamba, mpaka usingejua kama upo. Moyoni nilisema, siibi, sipendelei. Narudisha tu ile nusu aliyoiomba.

Nilitazama pia pete ya chuma, chini ya kofia yake nyeusi. Kofia imefungwa kwa skrubu mbili. Nilisikia viatu kwenye ngazi. Kwani nifungue kutazama nini? Doa liko juu. Limekuwa juu miaka yote. Na kwa mchemraba mweupe hata lingekuwa wapi halidhuru. Nikachukua ndoo yangu nikasimama mlangoni.

Saa nne watu walijaa. Profesa Asamani alitoa hotuba kuhusu marehemu Ackon, akamsifu, akasema mwanga haujui uso wa mtu. Efo Dzokoto alikuwa amevaa shati lake la kanisani, jambo lililonishangaza, kwa kuwa ilikuwa siku ya Jumatano. Aliwapanga watu kwa kufoka. Akamweka Fiifi karibu na sikio la mbele. Maku alikuwa amesimama tu katikati, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Wewe, usizibe njia," Efo akamwambia kwa ukali, akamsogezea kiti kando, ubavuni mwa sikio la kushoto. "Kaa hapo. Na usiguse kitu."

Alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Niliona. Kisha akafunga mapazia, akaweka kidole kwenye swichi.

Hapakuwa na kelele wala mwanga wa kuonekana. Hakuna aliyeona chochote, maana macho yetu hayawezi kuona punje moja. Watu sitini walibana pumzi kwa ajili ya kitu kisichoonekana.

Tii.

Lilikuwa sikio la mbele.

Nilimtazama Efo kabla ya kumtazama Maku, sijui kwa nini. Mdomo wake uliachama. Alibonyeza kitu kwenye mashine, akainama kuitazama, kama mtu aliyesikia jina la maiti likisomwa na ni la mwanawe.

Watu wakaanza kupiga makofi, makofi hafifu. Fiifi alifunika uso. Profesa Asamani akaenda polepole mpaka kwenye kiti cha Maku, akasimama mbele yake, akangoja ukumbi unyamaze.

"Unaona, Binti wa Chupa," akasema, kwa ile sauti yake nzuri. "Mimi nilikuwa nalaumiwa bure. Hata kioo hakikutaki. Hebu tuelezee wewe unayejua: ni atomu ipi iliyokukataa?"

Kuna waliocheka. Naweza kuwataja kwa majina, lakini wana watoto.

Maku akasimama. Saa yake ilimtelemka hadi kwenye vidole, akairudisha.

"Hakuna atomu moja, Profesa," akasema. "Ni zote pamoja."

Akawatazama watu mstari kwa mstari, bila hasira, kama anayewahesabu. Halafu akampa Fiifi mkono, akampongeza, akatoka. Alipopita mlangoni alinigusa bega.

Nilikuwa na huzuni, lakini nisidanganye, nilikuwa pia na fahari ndogo. Nilijiambia ameshindwa kwa haki. Niliirudisha haki kwa mikono yangu, na bahati ikaamua vingine. Nikaenda chumbani kwangu kusuuza vitambaa.

Efo Dzokoto alinifuata, akafunga mlango nyuma yake. Mkononi alikuwa na mchemraba.

"Nana, nani amegusa meza yangu?"

"Mimi," nikamwambia. "Niliona alichokiweka mkubwa wako. Nikakiondoa. Kama unataka kumpelekea habari, nenda."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ile ile ya Maku. Alikuwa anaugeuzageuza mchemraba, anautia alama za vidole kila upande, yeye ambaye angeweza kumpiga mtu kwa alama moja.

"Ulifungua kofia?" akauliza.

"Kofia gani?"

"Ya pete, Nana. Uliangalia doa?"

Nikasema hapana.

"Doa liko kando," akasema. "Niliizungusha jana mchana, nikaweka mwekundu. Punje zote za dunia hii zingegeuka. Ungeweza kuwasha taa mpaka Pasaka, hata moja isingepita."

Maji ya bomba yalikuwa yanaendelea kutiririka. Nikalifunga bomba. Nikamwuliza Efo: basi jana jioni Profesa alikuwa anafanya nini maabarani?

"Alikuja kuhesabu viti vya wageni."

"Kwa nini hukuniambia, Efo?"

"Ningekuambia lini? Nimemtukana mtoto yule miaka miwili, nikahakikisha Asamani anasikia, ili siku moja ikinilazimu kumfanyia kitu, asinidhanie. Hakunidhania." Akainua macho. "Na wewe hukunidhania. Wewe unayepita humu unamwambia kila mtu nani ni mwema."

Nilikumbuka mashine zenye joto alfajiri. Shati la kanisani. Kiti kilichosogezwa ubavuni mwa sikio la kushoto, ili awe karibu likilia. Yote niliyaona kwa macho yangu, moja moja, na sikuyajumlisha.

Alisimama, akaweka mchemraba juu ya rafu yangu.

"Miaka thelathini na mmoja unafuta vumbi, Nana," akasema. "Leo umemfuta mtoto."

Akatoka. Ijumaa iliyofuata niliikuta kenkey yangu mlangoni, imefungwa kwenye maganda yake ya mahindi, kama alivyozoea kuniletea kila Ijumaa. Lakini hakubisha hodi, na mpaka nilipostaafu hakubisha tena.

Maku alikuja kuniaga baada ya siku tano. Anarudi Odumase, amepata kufundisha sayansi katika shule ya upili, na alasiri atamsaidia mama yake kutwanga. Alinifungulia karatasi: mkufu wa shanga za kijani, za chupa, unaona mwanga ng'ambo yake. Akanivisha mwenyewe, akanifungia kwa nyuma, vidole vyake vina baridi.

Nilikuwa nimepanga kumwambia. Siku zote tano nilikuwa nayapanga maneno. Nilishafungua kinywa, naye akatangulia.

"Nana, usinihurumie," akasema. "Nimelala usingizi jana, mara ya kwanza tangu ule mtihani. Kitu kimoja hakuweza kukigusa. Nilishindwa na kitu safi."

Nikafunga kinywa.

"Asubuhi ile niliutazama mchemraba kabla hawajafunga mapazia," akaendelea. "Ulikuwa hauna hata kivuli cha vumbi. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Nikasema moyoni, huu ni mkono wa Nana. Kuna mtu mmoja humu amenitendea wema. Ni wewe uliyeufuta?"

"Ni mimi, mwanangu," nikamwambia. "Niliufuta mara mbili."

Akanikumbatia, akanishukuru. Ndoo yangu ilikuwa imejaa, iko karibu na mlango. Aliiinua kama siku ile ya kwanza, akaibeba hadi mwisho wa ukumbi, akaitua taratibu maji yasimwagike, akashuka ngazi.